Kushuka na Mzigo

Malori yanayotoka Kolwezi, Likasi na Ndola na shaba ya kupakiwa melini Dar es Salaam huingia Tanzania kwa Tunduma, yakapita Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa. Muda wote huo yanatembea juu ya nyanda zilizoinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hakuna namna ya kufika bandarini bila kuuacha urefu huo mahali fulani njiani. Sehemu kubwa yake huachwa Kitonga, kati ya Ilula na bonde la Mto Ruaha, ambako barabara imejibana ubavuni mwa mlima, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili.

Abiria wa mabasi ya Mbeya na Songea wanaifahamu vizuri harufu ya pale. Ni kali, ina ukakasi wa kitu kilichoungua bila kuwaka, na huingia ndani ya basi hata madirisha yakiwa yamefungwa. Inatoka kwenye magurudumu ya malori yanayoteremka. Ukitazama kwa makini utayaona mengine yamesimama pembeni chini ya mlima, moshi mwembamba ukitoka katikati ya tairi, dereva na utingo wake wamekaa kivulini wakisubiri chuma kipoe.

Kinachounguza breki hizo ni urefu wa mlima wenyewe. Lori lililo juu lina nishati kwa sababu tu liko juu. Vitabu vya shule huiita nishati tuli, nasi hapa tuiite nishati ya kimo. Lori likianza kushuka, nishati hiyo inatoka, na kanuni ya uhifadhi wa nishati haina msamaha: hakuna hata chembe inayotoweka. Kwenye lori la dizeli ina njia mbili tu za kupita. Itageuka kuwa mwendo, au itageuka kuwa joto. Kazi yote ya udereva mlimani ni kuamua kiasi gani kiende wapi, na kwa haraka gani.

Hesabu yake inafaa kufanywa taratibu, maana wengi wakiisikia mara ya kwanza hawaiamini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Lori la uzito huo likishuka kimo cha mita 300, yaani mita 300 za kwenda chini wima na si za urefu wa barabara, hutoa takriban megajouli 165. Lori hilohilo likitembea tambarare kwa kilomita 60 kwa saa lina nishati ya mwendo isiyofika megajouli 8. Kwa hiyo mteremko mmoja wa mita 300 unazipa breki kazi sawa na ya kulisimamisha lori hilo kutoka kilomita 60 mara 21 mfululizo, bila kupumzika. Kama lisingekuwa na breki, na kama upepo na tairi visingelizuia hata kidogo, lingefika chini na kasi ya kilomita 276 kwa saa. Na kama joto lote hilo lingekusanywa chini ya sufuria, lingechemsha zaidi ya lita 500 za maji ya bomba.

Dereva aliyezoea tambarare anaogopa kasi. Dereva aliyezoea milima anaogopa kimo, kwa sababu anajua hatari imeshapakiwa kwenye lori kabla gurudumu halijaanza kuzunguka kwa nguvu.

Watu walichukua muda mrefu kuelewa jinsi kasi inavyobeba nishati, na ubishi wao ulikuwa mkali. Mwaka 1686 Gottfried Leibniz, Mjerumani, aliandika kwamba nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachotembea, aliyoiita nguvu hai, haipimwi kwa uzito mara kasi kama walivyofundisha wafuasi wa Descartes, bali kwa uzito mara kasi mara kasi tena. Wengi walimpinga. Ushahidi wa kushikika ulikuja katika miaka ya 1720 kutoka Leiden, Uholanzi, ambako Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba nyeupe juu ya udongo laini wa mfinyanzi na kupima mashimo iliyoyachimba. Mpira ulioangukia udongo kwa kasi mara mbili haukuzama mara mbili tu. Ulizama mara nne. Kwa kasi mara tatu, mara tisa.

Aliyeibeba hoja hiyo hadi ikaeleweka Ufaransa ni Émilie du Châtelet, mwanamke aliyejifunza hisabati kwa kuajiri walimu wa kumfundisha nyumbani, kwani vyuo havikuwa vikiwapokea wanawake. Kitabu chake cha fizikia kilitoka mwaka 1740, na ndani yake alisimama upande wa kasi mara kasi. Katibu wa Chuo cha Sayansi cha Paris, Dortous de Mairan, alimjibu hadharani mwaka uliofuata kwa barua ya kumkosoa. Du Châtelet naye akachapisha jibu lake, hoja kwa hoja, bila kurudi nyuma. Alifariki mwaka 1749, siku chache baada ya kujifungua, akiwa amemaliza kukitafsiri kwa Kifaransa kitabu kikuu cha Newton. Fizikia imempa haki yake. Mwaka 1829 Gaspard-Gustave Coriolis, Mfaransa mwingine, aliongeza nusu mwanzoni mwa hesabu, na fomula ikakaa kama inavyofundishwa leo: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi.

Kasi kuhesabiwa mara mbili ndiko kunakofanya kilomita 20 za ziada ziwe jambo kubwa. Kanuni za usafiri zilizoanza kutumika Kenya mwaka 2004, ambazo wananchi wamezipa jina la waziri wa wakati huo, John Michuki, ziliyafungia matatu na mabasi vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Tanzania nayo inayafuatilia mabasi ya mikoani kwa vifaa vya kielektroniki, na kikomo chao ni hichohicho 80. Abiria wenye haraka hulalamika, wakiona kwamba kutoka 80 kwenda 100 ni robo tu ya nyongeza. Kwa kasi, ni robo. Kwa nishati, basi linalokwenda 100 limebeba asilimia 56 zaidi ya linalokwenda 80, na umbali wa kulisimamisha kwa breki unarefuka kwa kiasi hichohicho. Kilomita 80 kwa saa ni kasi ya kitu kilichoanguka kutoka mita 25, na 100 ni ya kitu kilichoanguka kutoka mita 39. Kati ya namba hizo mbili kuna ghorofa nne au tano nzima. Kikomo cha 80 ni kikomo cha busara, na anayemshangilia dereva anayekivunja anashangilia ghorofa hizo.

Ilibaki kujua nishati ya mwendo inakwenda wapi kitu kikisimama. Jibu la uhakika lilitolewa na James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, karibu na Manchester. Katika miaka ya 1840 alifunga uzito kwenye kamba, kamba ikazungusha mapanga madogo ndani ya chombo cha maji, akaushusha uzito polepole, akapima joto la maji, akaupandisha, akaushusha tena, mara nyingi. Maji yalipata joto kwa kiasi kilekile kila mara kwa kila kimo kilichoshuka. Kwa vipimo vya leo, kilo moja ya maji inahitaji nishati ya kuanguka mita 427 ili ipande nyuzi 1 tu ya Selsiasi. Joule alihitaji vipimajoto sahihi sana, na wanasayansi wengi mwanzoni walitilia shaka kwamba mtu anaweza kusoma tofauti ndogo namna hiyo.

Mlima hauhitaji kipimajoto sahihi. Sababu ni kwamba chuma hupata joto upesi kuliko maji, karibu mara tisa, na kwamba kimo cha tani 56 humiminwa kwenye chuma kidogo sana. Dramu ya breki ya lori zito ina kilo 45 hivi. Lori lenye ekseli saba lina dramu 14, jumla yake kilo 630. Megajouli 165 zikiingia zote kwenye kilo hizo bila kupoa njiani, kila dramu itapanda zaidi ya nyuzi 500. Kwa joto hilo chuma huanza kuonyesha wekundu gizani.

Kinachotokea ndani ya dramu wakati huo kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu neno "breki zilifeli" linaloandikwa kwenye taarifa za ajali haliwaelezi watu chochote. Dramu ni chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu. Ndani yake kuna vipande viwili vilivyopinda, vimevikwa utando mgumu wa kusugua. Dereva akikanyaga pedeli, upepo wenye mgandamizo hutoka kwenye mtungi, unasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinasukuma fimbo fupi ya chuma, fimbo inageuza kamu, chuma kilichopinda, na vipande vinatanuka vikabana ukuta wa dramu kwa ndani. Fimbo hiyo haina safari ndefu. Ni sentimita chache tu, kisha imefika mwisho wake.

Sasa dramu inapata moto. Chuma kikipata moto hutanuka, na dramu ikitanuka ukuta wake unakimbia mbali na vipande. Fimbo inalazimika kwenda mbele zaidi kuufikia. Wakati huohuo gundi iliyoshika utando wa kusugua inaanza kuungua na kutoa gesi, na ndiyo harufu ile ya Kitonga. Gesi hiyo na uso uliobadilika vinapunguza msuguano. Dereva anahisi breki zimelegea, anakanyaga zaidi, joto linaongezeka, dramu inatanuka zaidi. Inafika hatua fimbo imemaliza safari yake yote na vipande havijaubana ukuta sawasawa. Mtungi umejaa upepo, mshale wa kipimo kwenye dashibodi unaonyesha usalama, mabomba hayavuji, na gari halisimami. Fundi atakayekagua breki hizo kesho yake zikiwa zimepoa anaweza kukuta zinashika.

Hali huwa mbaya zaidi kwa lori ambalo breki zake hazijarekebishwa kwa usawa. Magurudumu mawili au matatu yenye breki zilizokazwa vizuri ndiyo yanayobeba kazi ya yale mengine yaliyolegea, yanaungua kwanza, kisha yanayaachia yaliyolegea mlima mzima. Na joto haliishii kwenye dramu. Linapanda kwenye ringi, linayeyusha grisi ya beringi, linafika kwenye mpira wa tairi. Ndiyo maana tairi zingine hupasuka au kushika moto gari likiwa tayari limefika chini na kuegeshwa, wakati dereva anadhani ameshapona.

Hapo ndipo hesabu ya haraka inapoingia. Joto la jumla la mlima ni lilelile, mtu ashuke mbio au polepole. Kinachobadilika ni muda wa breki kulipokea na kulimwaga hewani. Kwenye mteremko unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100 za barabara, lori la tani 56 likienda kilomita 40 kwa saa linatoa kilowati 366 za nishati ya kimo, mfululizo. Likienda 20, linatoa nusu ya hizo. Upepo na ukinzani wa tairi husaidia kidogo tu kwa kasi hizo, labda kilowati 40 likienda 40, na kama nusu yake likienda 20. Kilichobaki lazima kimezwe na gari.

Na ni hapa madereva wengi wa Afrika Mashariki wamefundishana vibaya. Kati ya Mau Summit na Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, mamlaka za Kenya zililalamika kwa miaka kuhusu malori yanayoteremka yakiwa kwenye nyutro. Sababu wanayoitoa madereva ni kuokoa dizeli, na dizeli iliyookolewa kwa dereva wa mshahara mdogo ni fedha ya kununulia chakula njiani. Mtu asiwadharau kwa hilo. Lakini hesabu yao si sahihi, na inafaa waambiwe kwa takwimu badala ya kwa vitisho.

Gari likiwa ndani ya gia na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Pampu ya dizeli, ya kisasa hata ya zamani, huliona hilo na kufunga mafuta kabisa. Injini inazunguka kwa nguvu ya mlima bila kunywa tone. Gari likiwekwa nyutro, injini imeachana na magurudumu, na ili isizime inabidi iendelee kunywa dizeli ya kujizungusha yenyewe. Kwenye mteremko mpole, pale ambapo gari lingeweza kwenda umbali mrefu bila breki, nyutro inaweza kuleta nafuu fulani ya mafuta. Kwenye mteremko mkali, ambako lazima breki zikanyagwe ili gari lisikimbie, hakuna nafuu yoyote. Dereva anachoma dizeli, na juu yake anachoma breki.

Tena anapoteza kitu kingine. Injini inayonguruma taratibu inaendesha kompresa ya upepo taratibu. Dereva anayekanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, anatumia upepo upesi kuliko unavyorudi mtungini.

Desemba 31, 2017, alfajiri, basi na lori viligongana uso kwa uso Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakapoteza maisha. Baada ya hapo serikali ilijenga ukuta wa zege katikati ya barabara kuyatenga magari yanayopanda na yanayoshuka. Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliacha njia likavamia magari, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Walikufa watu 52. Ukuta wa kati hauwezi kumlinda muuza viazi aliyetandika bidhaa zake ukingoni. Mahali pa soko si chini ya mteremko, na halmashauri inayokusanya ushuru wa soko kama hilo inapaswa kulihamisha.

Dawa ya kweli ya mlima ilibuniwa na mtu aliyeuonja. Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini za dizeli ya Columbus, Indiana, alikuwa mwaka 1931 akivuka Marekani kwa lori kutoka New York hadi Los Angeles ili kuonyesha kwamba dizeli inaweza safari ndefu. Karibu na mwisho wa safari waliteremka Cajon Pass, njia ya mlimani inayoshukia San Bernardino, California. Breki ziliungua zikaisha. Lori likashika kasi, halikukubali kuingia gia ya chini, na mbele yao, kwenye njia panda ya reli, treni ya mizigo ilikuwa inapita. Behewa la mwisho lilivuka, na lori likapita nyuma yake kwa upenyo mdogo.

Cummins hakulisahau jambo hilo. Baada ya kustaafu, katika miaka ya 1950, alirudi kwenye swali lililokuwa limemkaa: injini inayoweza kulivuta lori kupanda mlima kwa mamia ya nguvu za farasi, kwa nini isiweze kulizuia kwa nguvu hizohizo likishuka? Injini ya dizeli hubana hewa ndani ya silinda mpaka inapata moto. Kuibana kunahitaji kazi, na kazi hiyo gari linaitoa kwenye mwendo wake. Shida ni kwamba pistoni ikifika juu na kuanza kushuka, hewa iliyobanwa hutanuka na kuisukuma, ikirudisha karibu yote iliyochukua. Cummins alibuni kifaa cha kufungua valvu ya ekzosi wakati huohuo pistoni inapokaribia juu. Hewa iliyobanwa inatoka kwa mshindo kupitia ekzosi, na kazi iliyofanyika kuibana hairudi. Kampuni aliyoianzisha mwenyewe haikuuchukua uvumbuzi huo. Ulichukuliwa na kampuni ya Jacobs, iliyojulikana zaidi kwa vishikio vya keekee, na mwaka 1961 ikaanza kuuza breki hizo. Ule mlio wa kukatakata unaosikika usiku malori makubwa yakishuka ni wa hewa hiyo.

Injini ya kisasa ya lita 13 yenye breki ya namna hii inaweza kumeza kilowati 300 na zaidi, saa nzima ikibidi, bila kuungua, kwa sababu joto linatoka na hewa ya ekzosi na kupitia rejeta. Hizo ni karibu zote ambazo mteremko wetu wa mfano ulizitoa kwa kilomita 40. Lakini inazimeza pale tu injini inapozunguka kwa kasi, na kwa gari linalokwenda polepole hilo linawezekana kwenye gia ya chini peke yake. Hata malori ya zamani yenye kizuizi rahisi cha kufunga bomba la ekzosi hupata msaada mkubwa kwa njia hiyohiyo.

Breki na injini zikishindwa, nishati bado lazima iende mahali. Inakwenda kwenye mabati, nguzo, kuta na miili. Mtu wa kilo 70 ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa ana jouli 6,750 zake mwenyewe. Akizuiwa na mkanda huku pua ya gari ikijikunja, akasimama ndani ya sentimita 60, anabanwa na nguvu kama ya uzito wa tani moja na kidogo. Asipofunga mkanda, akasimamishwa na dashibodi ndani ya sentimita 5, ni karibu tani 14. Nils Bohlin wa Volvo alibuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, na kampuni ikauachia kwa watengenezaji wengine wote. Mpaka leo kuna mabasi ya mikoani ambayo mikanda yake imesokomezwa chini ya viti.

Kuna njia ya tatu ya kupitishia nishati ya kimo, na ndiyo inayofurahisha zaidi. Mota ya umeme ikizungushwa kwa nguvu badala ya kuzungusha, hugeuka kuwa jenereta. Treni za madini ya chuma zinazotoka Kiruna, Uswidi, hushuka zikiwa na mzigo hadi bandari ya Narvik, Norwei. Mota zake huzizuia na kurudisha umeme kwenye nyaya, na umeme wa treni inayoshuka na mzigo unatosha kuipandisha treni tupu hadi mpakani. Uswisi, kwenye machimbo ya malighafi ya saruji karibu na Biel, kuna lori la machimbo la umeme liitwalo eDumper. Likiwa tupu lina tani 45. Likijazwa hubeba tani 65 zaidi. Hupanda likiwa tupu na kushuka likiwa limejaa, kwa hiyo mteremko unalipa zaidi ya ulichodai mpando, na siku nzima ya kazi humalizika betri ikiwa na umeme wa ziada. Barabara ya shaba ina umbo hilohilo: mzigo mzito unatoka juu kwenda pwani. Sehemu ya nishati inayounguza breki Kitonga ingeweza kuwa mali, na wanaopanga usafiri wa mizigo wa ukanda huu wanapaswa kuihesabu.

Mpaka malori hayo yafike, dizeli itaendelea kushuka milima, na kuna kinga isiyohitaji betri wala kompyuta. Ni mchepuko wa kokoto: njia fupi inayotoka kando ya mteremko na kuingia kwenye tandiko nene la kokoto za mviringo. Lori lililokosa breki likiingia, magurudumu yanazama na kokoto zinasukumwa na kusagana, zikiila nishati yote. Wahandisi huhesabu ukinzani wa kokoto ndogo kuwa robo ya uzito wa gari, na jambo zuri la hesabu hiyo ni kwamba uzito unafutika: lori dogo aina ya Canter na lori la tani 56 yakiingia kwa kasi moja husimama kwa umbali mmoja. Kwa kilomita 100 kwa saa, kwenye tandiko la tambarare, ni kama mita 160. Likiwekwa kwenye mwinuko, umbali unapungua zaidi.

Mita 160 za kokoto ni gharama ndogo kwa serikali inayojenga barabara kuu, na kila mteremko unaojulikana kwa vifo katika nchi zetu unastahili kuwa nazo, pamoja na eneo pana la kusimama juu yake ili breki zikaguliwe na kukazwa kabla ya kushuka. Kwa dereva, lililo mikononi mwake ni gia. Aichague juu kabisa, gari likiwa bado polepole, na iwe ile itakayomshusha bila kuegemea pedeli. Akisubiri mpaka kasi izidi, lori linaweza kumkatalia kama lilivyomkatalia Cummins pale Cajon.